Mla kwa Kelele, Mla Kimya

Bondeni Curaleufu
8 Februari 2018

Kwa Uberlinda Llanquín, kambi ya Malisho ya Juu

Shemeji,

Najua hutaki kuniona. Tangu tulipomzika dada yako Ercilia hujanikaribisha hata kwa chai ya mate, na nikipita njiani unageuka kuwatazama mbuzi. Hayo ni yako. Leo naandika kama mwenyekiti wa jamii, si kama mume wa marehemu, kwa hiyo utanisoma hata kama ni kwa jicho moja.

Bwana misitu alikuja kutoka mjini. Alibandua magome ya mipeweni inayougua, hii tunayoishi kwa kokwa zake, akayatia kwenye mifuko, akatuambia kwamba kinachokausha miti yetu ni kuvu. Inaanzia kwenye matawi ya chini, inaingia kwenye shina, gome linapasuka na kuchuruzika utomvu. Mti uliokuwepo kabla ya babu wa babu zetu unageuka kahawia na kufa umesimama. Dawa hana. Tulipomuuliza kuvu hiyo inatembeaje kutoka mti hadi mti, akasema hata wao bado wanatafuta.

Sisi hatukuona haja ya kutafuta sana. Kila vuli tunawaona kasuku hawa, kachanya, wakija makundi kwa makundi, kijani kitupu na mkia mwekundu, mdomo umejaa utomvu, wanatoka mti huu wanahamia ule, wanapasua vichwa vya kokwa kabla sisi hatujagusa hata kimoja. Mkutano umeamua. Mwaka huu tunawapiga kwa bunduki za marisau mara tu watakapotua. Siku tumeweka Jumamosi, tarehe kumi Machi. Ni kinyume cha sheria, najua. Bwana misitu hatauliza asichoambiwa.

Ndege hao hutua kwanza msitu wa juu, karibu na kambi yako. Kwa hiyo nakuomba siku hiyo ukae ndani na mbwa wako uwafunge. Hatutaki mtu aumie.

Ni mimi,
Segundo Curriao
Mwenyekiti


Malisho ya Juu
13 Februari

Segundo,

Barua yako imefika ikiwa na mikunjo zaidi ya uliyokunja wewe. Belarmino muuza unga aliisoma njiani, na nadhani hata farasi wake alipewa muhtasari. Salamu nimezitafuta ndani yake sijaziona, nami sikurudishii.

Siku hiyo sikai ndani, na mbwa siwafungi. Sasa tuongee.

Huku juu nina muda, na mbuzi hawanipingi, kwa hiyo nimekaa nikawalinganisha hao wawili wenu, kachanya na kuvu. Kachanya anakuja mchana kweupe. Anapiga kelele mpaka mtu unashindwa kusikia mawazo yako mwenyewe. Anakula kokwa, kweli, lakini anachoangusha ni kingi kuliko anachomeza. Anamega nusu anatupa nusu, na ile nusu aliyoitupa huota. Miche yote iliyo nyuma ya zizi langu imetokana na kokwa zenye alama ya mdomo wake. Akishiba anaondoka, anatuachia msitu. Huyo mwingine hakuna aliyemwona. Hana sauti, hana msimu, hashibi, na haangushi hata punje kwa ajili ya mtu. Na ninyi, watu wazima wenye ndevu, mmekaa mkutanoni mkaamua kumpiga risasi yule mnayemsikia.

Tena nikuulize, nani anaishi kwa kokwa zinazoangushwa na kachanya? Si wewe na wana wa kaka yako, ninyi mnakwea na kamba na fito mnapiga vichwa vikiwa bado vibichi, ili mumuwahi mnunuzi. Ni sisi ambao magoti yamegoma. Tunasubiri chini, ndege wanatuangushia, tunaokota, tunachemsha, tunapata unga na togwa ya kupita nayo theluji. Mkiwaua hao mnatuua sisi polepole, ila sisi hamtatuhesabu kwa sababu hatuanguki kutoka mtini.

Na hizo bunduki wapewe watu wanaojua kulenga. Nakumbuka ulivyomlenga sungura ukatoboa ndoo ya maziwa ya mama.

Uberlinda Llanquín
(Cheo sina.)


Bondeni
21 Februari

Shemeji,

Ile ndoo ilikuwa imetoboka kabla. Ercilia alijua, akanyamaza ili nichekwe.

Nimekusoma mara mbili. Unaandika vizuri, ndivyo mlivyo nyumba nzima ya Llanquín, ninyi maneno hayajawahi kuwakaukia. Lakini umelinganisha tabia, hukulinganisha kazi. Umesema kuvu haina sauti. Sawa. Haina miguu pia. Haina mbawa. Imekaa kwenye gome la mti mmoja, inataka kufika mti wa pili ulio ng'ambo ya kijito. Lazima kuna anayeibeba. Niambie sasa, ni nani katika msitu huu anayeruka kutoka mti hadi mti kutwa nzima na mdomo umelowa utomvu? Nipe jibu la hilo, nitaweka bunduki chini.

Unadhani nafanya haya kwa chuki. Hujashuka ukaona. Msitu wa chini, huu wa karibu na makaburi, unakwisha. Tangu theluji ilipoyeyuka nazunguka na kisu changu kikubwa, natoa matawi yaliyokufa, mti baada ya mti, nikidhani nikikata kilichooza nitaokoa kilicho kizima. Mikono yangu haitoki utomvu hata kwa majivu. Vijana wananicheka, wanasema mwenyekiti amegeuka kinyozi. Nakata leo, baada ya muda ugonjwa unatokea kwenye mti wa jirani.

Na sasa, Uberlinda, mti wa Ercilia. Ule mkubwa alioachiwa na mama yenu, alioketi chini yake akiokota tangu akiwa mtoto. Umeanza kubadilika rangi chini. Ndio ninaochukulia tawi bichi kila mwezi kumpelekea kaburini, maana aliniambia hospitalini kwamba akifa asiletewe maua ya plastiki. Mwezi huu nimesimama na kisu mkononi nikitafuta tawi lenye afya na nimelikosa upande mzima.

Kwa hiyo usiniambie habari za ndege wanaoshiba wakaondoka. Wanaondoka, mti wa mke wangu unabaki unakufa. Wewe hata kaburini hujafika.

Segundo


Malisho ya Juu
3 Machi

Segundo,

Nimefika. Alhamisi, ulipokuwa umekwenda mjini Lonquimay kununua hizo marisau zenu. Sikutaka unione, na sikutaka kukuona.

Nianze na kaburi. Tangu tumzike dada yangu nimeeleza watu, na nimewaeleza kwa sauti, kwamba Segundo Curriao alimsahau mkewe kabla udongo haujakauka. Hukulia mbele yetu. Siku ya pili ulikuwa kwenye mkutano unagombania bomba la maji. Nikasema huyu hakuwa na moyo, na nikaapa chai yangu ya mate hutainywa. Nikienda makaburini nilikuwa naishia langoni, kwa hasira, ili nisione kaburi lililotelekezwa. Juzi niliingia. Nimekuta matawi, Segundo. Makavu chini, ya kahawia katikati, mabichi juu, yamepangwa kama anavyopanga mtu kuni za msimu wa theluji. Nimekaa pale nikalia kwa sababu ya dada yangu na kwa sababu yako. Nilikuchukia bure. Hilo nakuandikia waziwazi, Belarmino naye alisome.

Sasa lililo gumu.

Uliniuliza nani anabeba. Nilipotoka kaburini niliingia msitu wa chini, nikaenda mti kwa mti. Kila mti unaougua una alama ya kisu chako. Si kwamba uliukata ulipougua. Niliangalia vizuri: kahawia inaanzia pale pale kwenye kidonda, utomvu unachuruzika kutoka kwenye kikonyo cha tawi ulilokata, na kutoka hapo gome linapasuka kwenda pande zote. Kijito nacho nimekivuka. Upande ule ulikofika na kisu unaugua. Upande ambao korongo lilikushinda kushuka, miti ni mizima mpaka chini kabisa. Kisha nikapanda kurudi kwangu, nikazunguka msitu wa juu, ambako kachanya ndiko wanakoanzia na ndiko wanakokaa zaidi. Matawi yameliwa, vichwa vimepasuliwa tangu mwaka juzi na mwaka jana, ardhi imejaa maganda. Sijaona jani la kahawia.

Kasuku hana kisu, Segundo.

Ulikuwa ukitoka kukata kilichooza kwa watu, na kisu kile kile, na utomvu ule ule, unakwenda kwenye mti wa Ercilia kumkatia tawi la upendo. Kuvu haina mbawa wala miguu, umesema kweli. Ilikuwa na wewe.

Mimi si bwana misitu. Huenda kuna jingine nisilolijua, upepo, mvua, viatu vya vyuma vya wanaokwea. Lakini nilichokiona nimekiona. Sijamwambia mtu, na barua hii nimeifunga kwa nta, Belarmino akitaka kuifungua itabidi aiyeyushe mbele ya watu. Unazo siku chache. Futa hiyo Jumamosi.

Uberlinda


Bondeni
6 Machi

Uberlinda,

Umengoja nikuonyeshe kidonda, ukakitia kidole.

Miezi yote hii nimevunja mgongo wangu kwenye miti ya watu, pasipo kuombwa. Wewe umekaa juu na mbuzi wako, unashuka siku moja kwa kujificha kama mwizi, unazunguka kidogo, unaniandikia kwamba nimemuua Ercilia mara ya pili. Sikubali. Mtu anayekata kilichooza haozeshi. Hata daktari hukata.

Jumamosi iko pale pale. Na mtu wa kwanza kupiga nitakuwa mimi.

Usiniandikie tena.

S. Curriao


Msitu wa juu
8 Machi

Segundo,

Nimekuandikia tena.

Nimehamisha kambi. Turubai, sufuria, blanketi, mbuzi na mbwa, vyote viko hapa katikati ya mipeweni, mahali ndege wanapotua. Kundi la kwanza limefika jana. Wananitukana tangu alfajiri na mimi nawajibu.

Jumamosi mtanikuta nimekaa. Sitapiga kelele wala sitalia, nitakuwa nachemsha kokwa. Marisau hutawanyika, wewe mwenyewe unajua, hayachagui kati ya manyoya na poncho niliyovaa. Kila mmoja wenu alikula kwangu akiwa mdogo, kwa hiyo mtu atakayepiga aamue kwanza yupo tayari kukosea upande gani.

Lile la kisu halijatoka kinywani mwangu. Siku hiyo pia halitatoka. Sitaki kukushinda kwa hilo.

Uberlinda


Bondeni
14 Machi

Shemeji,

Uliona tukipanda Jumamosi, ukaona tumesimama msitu wa chini kwa muda mrefu, ukaona tunashuka. Kwa mbali kule hukusikia kitu. Watu watakusimulia kwa chumvi, kwa hiyo nakusimulia mimi.

Tulipofika kwenye mti wa Ercilia tuliuona moshi wa moto wako juu. Anselmo Marihuán akasema, "Twendeni. Yule mama akisikia mlio wa kwanza atakimbia."

Nikamwambia, "Hakimbii. Nilioa nyumba ile."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeushika mti. Mkono wangu, bila kukusudia, ulikuwa umeangukia kwenye kidonda nilichokata mwaka jana, na utomvu ulikuwa unatoka pale pale. Nilikuwa nimekesha na barua yako, nikikujibu kichwani na matusi mazuri ambayo sikuwahi kuyaandika. Yote yakafutika.

Nikasema, "Kabla hatujapanda, nitafutieni humu ndani mti mmoja unaougua ambao mimi sijaukata."

"Mwenyekiti, asubuhi mapema hivi umeshakunywa?"

"Tafuteni."

Walienda wakitaniana. Wakarudi bila mti hata mmoja. Waliovuka kijito ndio walirudi wa mwisho, na hawakutaka kunitazama. Nikawatolea kisu, nikawaambia ninavyokitumia, na wapi nilikuwa nakwenda nacho kila mwezi.

Anselmo akasema, "Kwa hiyo tunayestahili kumpiga ni wewe." Wakacheka tena, ila safari hii kicheko hakikufika mbali.

Sijui bado kama kachanya hawana lao. Wewe pia umesema hujui yote. Lakini siwezi kuua kiumbe kwa jambo ambalo mkono wangu ndio wenye alama. Nikawaambia washuke. Walishuka.

Jana mkutano umekaa bila mimi. Uenyekiti wamempa Anselmo. Mimi nimekatazwa kuokota kokwa, kukanyaga msituni, na kwa kuwa makaburi yako ndani ya msitu, hata huko. Mpaka watakaposema wao. Nimewaambia sawa. Ni haki yao, sitabisha. Tena usije ukabisha kwa niaba yangu, nakujua.

Ukishuka na mbuzi, pitia kwa Ercilia. Mwambie sijaacha, nimezuiwa.

Segundo


Msitu wa juu
19 Machi 2018

Kwa Mwenyekiti Anselmo Marihuán na mkutano wote wa Curaleufu. Isomwe kwa sauti. Belarmino anayo ruhusa yangu, na kwa mara ya kwanza hahitaji kujificha.
Nakala: Segundo Curriao, ambaye hajaulizwa maoni yake.

Wenzangu,

Nimesikia mlivyoamua, na ninakataa.

Mwezi uliopita mlikuwa mnatafuta wa kupiga risasi. Mkamchagua kachanya kwa sababu ana kelele. Akawaponyoka. Sasa mmempata mwingine aliyefungua mdomo. Hamjabadilisha chochote ila shabaha.

Nawauliza, na mjibizane nyumbani kwenu, si kwangu. Ni nani hapo hajawahi kukata tawi la mpeweni? Anselmo, nguzo za zizi lako zimetoka wapi? Ninyi mnaokwea na vyuma miguuni, mkishuka mti mgonjwa mnavisafisha kwa kitu gani kabla ya kupanda mzima? Kuvu hiyo imekaa nasi bila sisi kuiona kwa sababu kila mtu alikuwa anamwangalia jirani, au anaangalia angani. Mtu mmoja ndiye aliyesema, mbele ya wenye bunduki, huenda ni mimi. Mmemvua uenyekiti, mmemzuia kaburi la mkewe. Mwaka ujao mtu mwingine akiona alama ya mkono wake kwenye kidonda, mnadhani atasema? Atanyamaza, na atakuwa amejifunza kwenu. Mwenye kunyamaza ndiye anayeua msitu huu, awe kuvu, awe mtu.

Mnataka kukataza, katazeni visu. Katazeni vyuma vya miguuni. Katazeni kupiga vichwa vibichi, subirini vianguke kama walivyosubiri wazee wenu. Hayo nitayafuata na nitawasaidia kuwagombeza wanaokiuka. Hili la Segundo silifuati.

Mti wa Ercilia ni eneo la akina Llanquín. Mama yangu aliokota pale, na mama yake, mkutano haukutupa na mkutano hauwezi kutunyang'anya. Utakufa, nimeuangalia, sijidanganyi. Lakini mwaka huu una vichwa bado, na kachanya wameshashuka mpaka kwake. Jumamosi hii Segundo Curriao ataokota kokwa chini ya mti ule. Ataokota nami. Ameniandikia nisimtetee, na yeye pia nimemkatalia. Akisita kuja nitamfuata kwake na mbuzi wote, wamlie bustani mpaka atoke.

Anayetaka kumwondoa aje, atutoe wote wawili. Aje mchana, aje na sababu, na aipaze sauti. Ndege wale wanakula kwa kelele sana, mkinong'ona hatutawasikia.

Uberlinda Llanquín